Meza Iliyobaki na Ua la Karatasi: Mhadhara kwa Mafundi Seremala, Kampala

Ndugu zangu mafundi, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuacha randa zenu asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo kila mteja hukumbuka kuwa alilipa nusu ya fedha. Wengi wenu mmeshanisikia nikilizungumza jambo hili Ndeeba, Bwaise na hata kando ya barabara pale Nsambya, na ninajua wapo wanaosema kwamba mzee huyu ana wimbo mmoja tu. Ni kweli. Nitauimba tena leo kwa sababu wiki iliyopita nimeletewa ubao wa kitanda wenye kasoro ileile ninayoipigia kelele, yaani mafuta yanayonata kwa kuwa hayakugandishwa vizuri na taa, na aliyeuleta aliketi mstari wa pili nilipozungumza mara ya mwisho.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Ninazungumzia mafuta ya kupaka mbao ambayo hugandishwa kwa miale ya urujuanimno, ile iitwayo UV. Tukiyaita kwa mkato mafuta ya taa tutaleta balaa, maana mafuta ya taa tunayafahamu sote tuliosoma kwa mwanga wa tadooba, na siku moja kijana atayatia kwenye kandili. Mimi huyaita mafuta ya mwanga. Kazi ya msasa, kufuata nyuzi za mbao na kufuta vumbi mnaijua, sitaipotezea muda.

Mafuta ya kitani tuliyoyazoea hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani, ndiyo maana husubiri siku, na yakiwa mabichi kabisa husubiri majuma. Mafuta ya mwanga yana akrilati, yaani kemikali ya majimaji inayoweza kufungana ikawa kama plastiki ngumu, pamoja na kitu ninachokiita kiwashio, ambacho kikipigwa na mwanga wa urefu wa mawimbi unaokifaa huvunjika, na vipande vyake huanza kuzifunga akrilati mnyororo kwa mnyororo, hadi tone lililokuwa majimaji likawa gumu katika muda wa sekunde. Hapo ndipo penye mgeuko ambao fundi aliyelelewa na kitani huukosa: oksijeni iliyokuwa rafiki wa mafuta ya zamani ni adui wa mafuta haya.

Sasa nisikilizeni kuhusu meza nane. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya meza nane za mvule za mkahawa mmoja hapa mjini, mwenye mkahawa akitaka kufungua Jumapili, nami nikamaliza msasa Ijumaa alasiri. Nilikuwa nimepata kopo la mafuta ya mwanga, na muuzaji mmoja, ambaye simtaji, aliniuzia taa iliyoandikwa wati 100 kwenye kasha, yenye mwanga wa zambarau uliopendeza kiasi kwamba majirani walikuja kuutazama. Baadaye sana nilitambua kwamba ilikuwa taa ya kupambia kumbi za harusi. Niliining'iniza juu ya kila meza, umbali wa mkono mmoja, ili imulike ubao wote kwa mara moja, nikaiacha kwa dakika kumi, nikagusa, nikaona utelezi kidogo tu, nikajiambia kwamba utelezi huo ni ulaini wa kazi safi. Jumamosi tulizipakia.

Jumapili mchana simu ikalia. Mkahawa ulikuwa umeagiza karatasi za kufutia mikono zenye ua jekundu pembeni. Mhudumu alipoinua karatasi kutoka meza ya kwanza, karatasi ilikuja nyeupe na ua likabaki mezani, petali zote, limegeuka kama sura katika kioo. Meza ya pili ilikuwa hivyohivyo. Mgeni mmoja alipojaribu kuinua kiwiko, shati lake lilitoa sauti ya gundi inayoachana na ngozi. Nilipofika, mwenye mkahawa hakunikaripia. Aliniuliza kwa upole kama maua yale yalikuwa sehemu ya bei tuliyopatana.

Jumatatu tulizirudisha karakana kuzipiga msasa, na msasa ukaziba ndani ya dakika moja, kwa sababu uso wenyewe ulinata na chini yake mafuta yalikuwa bado mabichi, yakitoka kama ulimbo wa kunasia ndege. Kijana aliyekuwa akijifunza kwangu alifanya kazi hiyo mikono wazi. Siku ya tatu mikono yake ilitoka vipele, kope zikavimba hadi jicho moja likafumba. Akrilati ambayo haijaganda huweza kuufundisha mwili uichukie, na mwili ukishajifunza hausahau. Kijana huyo leo anachomelea vyuma, kwa kuwa hawezi tena kukaa karibu na kopo la mafuta haya, na hata akienda kuziba jino lazima amweleze daktari mapema, maana vijazio vyeupe vya meno ni vya ukoo huohuo na vyenyewe hugandishwa kwa taa. Meza nililipia mimi. Mikono ya yule kijana sijui hata ningeilipiaje.

Nilikosea wapi? Kwanza, nilisoma kasha. Wati zilizoandikwa kwenye kasha, hata zikiwa za kweli, ni za umeme unaoingia kwenye taa, wala hazisemi ni mwanga kiasi gani unaofika kwenye ubao, achilia mbali kama mwanga huo ni wa aina inayotakiwa. Kopo lenyewe huandika urefu wa mawimbi unaohitajika, na kwa taa za LED mtaona nanomita 365, 385 au 395. Miale ya urujuanimno haionekani kwa macho ya binadamu. Ile zambarau tunayoishangilia ni pindo lake tu, mahali ambapo mwanga unaoonekana unaanza. Taa ya nanomita 365 iliyo nzuri huonekana hafifu, ya kupauka, mtu asiyejua akaiona mbovu, ilhali taa ya harusi inang'aa zambarau kwa kuwa nguvu zake nyingi ziko upande tunaouona. Fundi anayechagua taa kwa uzuri wa rangi ni sawa na anayechagua msumeno kwa uzuri wa mpini.

Kosa la pili, ambalo ndilo wimbo wangu, ni kudhani kwamba mwanga dhaifu ukikaa muda mrefu hufanya kazi ya mwanga mkali wa muda mfupi. Haufanyi. Tazameni pipa lililotoboka: ukimimina kikombe kimoja kwa dakika, unaweza kumimina hadi jioni na pipa lisijae, lakini ukimimina ndoo tatu kwa mpigo linajaa kabla tundu halijawahi. Oksijeni ya hewani hupenya kwenye uso wa mafuta na kuvizima vile vipande vya kiwashio kimoja kimoja. Taa dhaifu huzalisha vipande polepole, oksijeni ikaendelea kuvimeza na nyingine ikaingia kutoka hewani. Taa kali huvizalisha kwa wingi kuliko oksijeni inavyoweza kufika. Asiyeniamini amuulize dada yeyote aliyepakwa jeli ya kucha. Kucha ikitoka kwenye ile taa ndogo ya saluni huwa inanata juu, na msusi huifuta kwa spiriti. Huo mnato ndio oksijeni iliyoshinda. Kwenye kucha unafutika kwa pamba; kwenye meza ya watu sita, mnaujua ua langu.

Ndiyo maana taa za kazi hii hushikwa sentimita chache tu kutoka kwenye ubao na kusogezwa taratibu, mstari kwa mstari, kila mstari ukiupanda kidogo ule uliotangulia, kama mtu anayepiga pasi. Ukiinua taa kwa kiasi cha mkono mmoja, kama nilivyofanya mimi, mwanga unasambaa na ukali wake unashuka hadi hauna maana tena.

Naona mzee mmoja hapo mbele anatikisa kichwa, na ninajua anachotaka kusema, kwa kuwa husemwa kila mahali: tuko kwenye Ikweta, jua la Kampala linachoma, kwa nini tununue taa? Swali ni zuri, nami nimelijibu kwa hesabu. Saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, miale ya jua ya aina inayotufaa hufika ardhini kwa ukali wa karibu miliwati 5 au 6, yaani sehemu 5 au 6 za elfu za wati moja, kwa sentimita ya mraba. Taa ya mkononi iliyotengenezwa kwa kazi hii, ikishikwa karibu, hutoa wati nzima kwa sentimita hiyohiyo, na nyingine hutoa zaidi ya hapo. Hiyo ni tofauti ya mara mia mbili hivi. Ukijumlisha mwanga wote wa dakika tano za jua unaweza ukapata jumla inayotosha kwenye karatasi, lakini pipa linavuja, na mafuta yatakupa ngozi ngumu kidogo chini na mnato juu, pamoja na vumbi la barabara na nzi wawili. Wala sisemi kwamba jua haligandishi kitu. Mfaransa Nicéphore Niépce, mnamo 1826 au 1827, alipaka lami kwenye bamba akaiacha kwenye mwanga wa dirishani kwa saa nyingi, na palipopigwa na mwanga pakawa pagumu, akapata picha ambayo ipo hadi leo. Yeye lakini hakuwa na mteja wa Jumapili.

Wengine husema, basi nitapaka nene ili ile tabaka ya juu ikinata niisugue. Hapana. Mafuta haya hupakwa kwa gramu chache kwa mita ya mraba, husuguliwa yaingie, na yaliyozidi hufutwa yote kwa kitambaa kikavu. Mwanga huingia kina kifupi, tena kiwashio cha juu hula sehemu kubwa ya mwanga kabla haujafika chini. Mvule ina vinyweleo vikubwa, na mafuta yakijikusanya humo hubaki mabichi chini ya kifuniko kigumu, kisha siku ya joto hupanda juu kama jasho. Mvule ina lawama nyingine pia: ndani yake mna kemikali iitwayo klorofori, inayojulikana kwa kuchelewesha ukaukaji wa vanishi na mafuta ya kawaida, kwa hiyo jaribio mlilofanya kwenye paini au musizi lisiwape imani kuhusu mvule. Jaribuni kwenye kipande cha ubao uleule.

Na jaribio lenyewe ni rahisi kiasi kwamba nakasirika ninapoona halifanywi. Chukua kipande cha urefu wa mkono, kipake kama utakavyopaka kazi, kigawe sehemu nne kwa utepe wa karatasi. Sehemu ya kwanza ipitishie taa mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne, kwa mwendo uleule. Kisha bonyeza kidole gumba ukiwa na glavu, ukizungushe kwa nguvu, utazame kama kimeacha alama. Baada ya hapo lowesha pamba kwa asetoni, ileile ya kuondolea rangi ya kucha, usugue kwenda na kurudi ukihesabu. Pamba ikitoka na mafuta, au uso ukilainika, ongeza mapito. Sehemu ya kwanza isiyobadilika ndiyo inayokuambia mwendo wa taa yako, kwa mbao yako, kwa kopo lako. Uandike mwendo huo ukutani kwa chaki.

Ninaambiwa muda unakwisha, na ninaona sijafika hata nusu ya karatasi yangu, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia mbiombio.

Miguu ya viti iliyokerezwa: mwanga haupindi kona, na kila penye kivuli mafuta yatabaki mabichi, zungusha kiti, au tumia mafuta ya kitani na usubiri kama walivyosubiri baba zetu. Rangi: rangi nyeupe hukinga miale hii isiingie ndani, msichanganye rangi kiholela. Taa za zebaki, zile kubwa za zamani, huhitaji dakika kadhaa kupata moto, na umeme ukikatika lazima zipoe kabla hazijawaka tena. Kwa umeme wetu tunaoujua, LED inayowaka papo hapo inafaa zaidi. Macho: wachomeleaji wa Katwe watawaambia habari ya mchanga unaoingia machoni usiku baada ya kazi ya mchana, na taa hizi nazo huumiza, hivyo vaeni miwani iliyotengenezwa kwa miale hii, wala msitazame mwanga unaorudi kutoka kwenye ubao. Ngozi: glavu za nitrili, na zibadilishwe mara zikilowa, kwa sababu akrilati hupenya. Kiwashio kinachoitwa TPO, Umoja wa Ulaya umekizuia kwenye jeli za kucha tangu Septemba 2025 kwa sababu za kiafya. Muulizeni muuzaji kama kimo kwenye kopo lenu, na asipojua, hilo nalo ni jibu.

Kuhifadhi: msimimine mafuta haya kwenye chupa ya maji inayopitisha mwanga. Nimeona chupa iliyowekwa dirishani asubuhi ikawa rungu kufikia mchana. Wala msijaze chombo hadi mdomoni, kwa kuwa oksijeni ileile inayotuharibia meza ndiyo inayoyazuia mafuta yasigande yenyewe ndani ya kopo, kwa hiyo yaachieni hewa juu. Vitambaa vilivyolowa vitandazwe nje juani hadi viwe vigumu kabla ya kutupwa. Hapo, mzee wangu, ndipo jua lako linapopata kazi.

Swali la bei ya taa nitalijibu nje. Kwenye meza ile ya nyuma kuna vipande vinne vya mvule vilivyopitiwa na taa jana jioni, viwili vimeiva na viwili bado, na sijaviandika. Asetoni na pamba vipo. Glavu ziko kwenye boksi jekundu, na asiye na glavu asiguse.