Kabla ya Kuchora Mstari Kati ya Magonjwa Mawili

Wenzangu, mtandao wa magonjwa ni nukta na mistari. Nukta ni ugonjwa. Mstari ni dai kwamba magonjwa mawili yanahusiana. Mwaka 2007 watafiti Kwang-Il Goh, Albert-László Barabási na wenzao waliunganisha magonjwa yanayoshiriki jeni. Leo nitabaki na mtandao unaotokana na mafaili ya wagonjwa, maana ndio ulio karibu zaidi na wodi, na ndio unaoharibika kirahisi.

Tuseme mna wagonjwa 10,000: 2,000 wana shinikizo la damu, 800 wana kisukari aina ya 2. Kama hayahusiani, wenye yote mawili wangekuwa 2,000 × 800 ÷ 10,000, yaani 160. Mkihesabu mkakuta 400, uwiano wa mliowakuta kwa waliotarajiwa ni 2.5. Huo ni mstari wa kuchunguzwa.

Sasa chukueni magonjwa mawili adimu, kila mmoja una wagonjwa watano. Matarajio ni 0.0025. Akitokea mgonjwa mmoja mwenye yote mawili, uwiano unaruka hadi 400! Na huenda ni msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, uliokosewa kuandikwa. Wekeni idadi ya chini ya wagonjwa wa pamoja, tuseme 10, kabla ya kuchora chochote.

Wingi nao ni mtego. Misimbo 500 huzaa jozi 124,750. Mkikubali kosa la asilimia 5 kwa kila jozi, mistari zaidi ya 6,000 inaweza kujichora kwa bahati tu. Tumieni marekebisho ya Benjamini na Hochberg, hesabu inayodhibiti mistari ya uongo mnapopima jozi nyingi kwa pamoja.

Lakini umri ndio mdanganyifu mkuu. Mtoto wa jicho na kukua kwa tezi dume vitaonekana vimeshikana sana, kwa kuwa vyote huja uzeeni. Gaweni wagonjwa kwa rika na jinsia, kokotoeni ndani ya kila kundi, ndipo muunganishe matokeo kwa njia ya kitakwimu ya Mantel na Haenszel. Na kama takwimu zote ni za waliolazwa, kumbukeni onyo la mtakwimu Berkson la 1946: mwenye magonjwa mawili ana sababu mbili za kulazwa, kwa hiyo wodi humwonyesha kupita kiasi.

Mshale, yaani ugonjwa upi ulitangulia, msiuchore kwa tarehe za faili peke yake. Kisukari aina ya 2 huweza kukaa miaka bila kugunduliwa. Mgonjwa akaandikiwa ugonjwa wa figo kwanza, sukari baadaye, ingawa huenda sukari ndiyo iliyotangulia. Hapo acheni mstari bila mshale, na muandike sababu kando ya mchoro.