King Majuto Bila Sauti

MWANAIDI: Karibuni tena. Beka karudi na kisa cha safari, kama mlivyomzoea.

BEKA: Dada Mwana, Jumamosi nilipanda basi la alfajiri kwenda Tanga. Tumepita Chalinze, kondakta akaweka filamu ya zamani ya mchekeshaji King Majuto. Mara spika zikazima. Picha inakwenda, sauti hakuna.

MWANAIDI: Watu wakalalamika.

BEKA: Kidogo tu. Mzee Majuto akatoa macho, akashika kiuno, akamkagua kijana aliyekuja kuposa, kuanzia nywele mpaka viatu. Basi zima likaangua kicheko! Nikasema wiki hii ni ya Amri Athumani, King Majuto mwenyewe. Nimeandika mambo matatu ambayo wachekeshaji chipukizi...

MWANAIDI: Yaweke kwanza. Nani alianza kucheka?

BEKA: Mama mmoja siti ya mbele yangu, kikapu mapajani. Huyo ndiye akageuka sauti! Mzee akifungua mdomo, yeye anatoa maneno.

MWANAIDI: Aliikariri?

BEKA: Wapi! Alikuwa anabuni. Mzee anadai mahari, mama wa kikapu anadai kodi ya nyumba ya miezi sita. Na midomo inakubali!

MWANAIDI: Hebu muigize.

BEKA: "Wewe kijana, unaingia kwangu na viatu vya nani?"

MWANAIDI: Aa, hapana. Huyo ni mjomba wako. Sisi wa Tanga hatuvuti hivyo. "We mwana we! Viatu hivyo, mwenyewe anajua?"

BEKA: Mama wa kikapu angekupisha siti! Rudia.

MWANAIDI: "Mwenyewe anajuaa?" Umeona? Ndiyo maana nasema Majuto ni mdomo wake. Kazaliwa Tanga 1948, kapanda jukwaani angali mtoto, miongo kabla ya hizi kamera. Jukwaani mtu wa nyuma kabisa hauoni uso wako. Anakusikia.

BEKA: Nami nasema ni mwili. Wa nyuma haoni uso, lakini kiuno anakiona. Kwenye basi palikuwa na mtoto wa miaka minne hivi. Mzee alifariki Muhimbili, Agosti 8, 2018. Mtoto huyo hakuwa amezaliwa. Sauti ile haijui, na alicheka mpaka akapaliwa.

MWANAIDI: Alicheka kwa sababu mama yake anacheka. Na nyie wakubwa mliisikia sauti kichwani. Na yule mama, kwa nini alihisi lazima aseme? Kwa sababu palikuwa na pengo.

BEKA: Alisema kwa sababu ule uso unamwambia mtu aseme!

MWANAIDI: Sikubali.

BEKA: Mtoto alikuwa anatazama skrini, hakumtazama mama yake. Nilimwona kwa macho yangu.

MWANAIDI: Sikubali, kaka. Mtoto akiwa mapajani husikia kicheko cha mama yake mgongoni.

BEKA: Basi tubaki hapo. Ila kuna jambo moja. Tulipokaribia Muheza, kwenye skrini akatokea mchekeshaji mwenzake, Sharo Milionea, na ule mwendo wake. Mama wa kikapu akanyamaza.

MWANAIDI: Ee. Ajali ya gari iliyomuua Sharo ilikuwa huko huko. Novemba 2012.

BEKA: Miaka 27 tu. Hata kondakta aliketi. Wale wawili, mmoja kijana wa mjini, mwingine mzee anayemshangaa... hakuna aliyejaribu kuwasemea.

MWANAIDI: Mzee alibaki miaka karibu sita bila mwenzake yule. Mimi kila nikimwona amesimama na kijana mwingine, namtafuta Sharo.

BEKA: Mimi pia.

MWANAIDI: Naonyeshwa dakika mbili. Mambo yako matatu?

BEKA: La kwanza tu lina dakika kumi. Acha.

MWANAIDI: Filamu iliishaje?

BEKA: Tuliingia stendi haijaisha. Mama wa kikapu akasimama mlangoni, akaigeukia skrini: "Majuto, mahari yako nakuletea kesho!" Akashuka.

MWANAIDI: Kwa sauti gani?

BEKA: Ya kwake mwenyewe.