Kipindi cha Leo: Yai Lililopanda Lori

KHERI: Wiki hii nimepatikana, Mwana.

MWANA: Na nani tena?

KHERI: Madereva. Shemeji kaniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp, eti wewe si unajifanya mtu wa lishe, haya, sema nao. Nikatuma bango langu: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku.

MWANA: Lile la kijani? Bado unalo?

KHERI: Kimya. Baada ya saa nzima mmoja akaandika, "Bosi, sisi kwenye mizani tunapimwa kwa tani."

MWANA: (anacheka) Nimempenda huyo.

KHERI: Halafu mwingine akatuma picha. Yai la kuchemsha, na ganda lake, limekaa pale pa kuwekea kikombe. Chini kaandika, "Abiria." Kundi likaamka! Linashukia wapi? Limelipa nauli? Mbona halijafunga mkanda?

MWANA: Lilipanda saa ngapi?

KHERI: Nilijua utauliza.

MWANA: Si mzaha, Kheri.

KHERI: Alilichemsha alfajiri. Picha imeingia saa nane mchana.

MWANA: Mungu wangu. Yai likishachemshwa halikai nje ya friji zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Na kabini iliyoegeshwa juani unaijua.

KHERI: Lakini lina ganda.

MWANA: Kuchemsha kunaondoa utando unaolinda ganda. Hapo yai bichi lina nafuu.

KHERI: Kwa hiyo abiria ashushwe njiani.

MWANA: Ashushwe! Au apande na kisanduku chenye barafu.

KHERI: Mimi nimehangaika kumtoa mtu kwenye chipsi na soda, na soda ya nusu lita peke yake ina sukari kama gramu 50. Amekubali yai. Sasa yai nalo unamnyang'anya.

MWANA: Abebe karanga, abebe ndizi. Hizo hazidai barafu.

KHERI: Hakuna atakayepiga picha ya ndizi aandike abiria.

MWANA: Ndizi ni utingo.

KHERI: (anacheka) Haya, utingo. Ila sikiliza. Yai limenipa wazo. Kila jioni, lori likishaegeshwa, kila mtu atume picha ya sahani yake, wenzake watoe maksi.

MWANA: Hapo tumeachana.

KHERI: Kwa nini? Wale wanataniana tangu asubuhi. Utani ndiyo lugha yao.

MWANA: Utani wa yai, sawa. Mtu aliyekaa foleni ya kupakua siku nzima, akala kilichopatikana, unampa mbili ya kumi mbele ya watu wote? Kesho atatuma picha ya juzi. Kesho kutwa ananyamaza.

KHERI: Bango lilinyamaziwa siku ya kwanza! Dereva anamsikiliza dereva.

MWANA: Na ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyemwambia yai limeharibika. Watu wangapi mle?

KHERI: Mia mbili na kitu.

MWANA: Mia mbili, wote wakauliza nauli.

KHERI: Wewe unataka nini, wapewe somo?

MWANA: Watumiwe sauti fupi, wasikilize wakiwa wameegesha. Wala asiombwe mtu kujianika.

KHERI: Sauti ya dakika tatu kuhusu nyuzi 32. Watajitoa kundini.

MWANA: Wajitoe wakiwa na tumbo zima.

KHERI: Mimi maksi naanza Jumatatu.

MWANA: Anza. Usinitaje.

KHERI: Tulikuwa na mambo matatu ya kuwaachia wasikilizaji...

MWANA: Zimebaki sekunde ngapi?

KHERI: Fundi ananionyesha vidole. Vinapungua.

MWANA: Basi yaache. Niambie moja tu: yule abiria aliliwa?

KHERI: Nilimuuliza jana usiku. Hajajibu.