Bomba la Pamoja au Pampu ya Kila Nyumba: Joto la Majengo Mapya

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nilinganishe njia mbili za kupasha joto majengo mapya katika nchi za baridi pasipo kuchoma gesi wala mafuta. Ya kwanza ni mtandao wa pamoja: maji ya moto hupita kwenye mabomba chini ya barabara na kuingia kila jengo. Ya pili ni mtambo wa jengo lenyewe, ambao siku hizi aghalabu ni pampu ya joto. Msimamo wangu nautoa mapema, mnisikilize mkiujua: kinachoamua ni kiasi cha joto kitakachouzwa kwa kila mita ya bomba. Ubora wa mtambo unafuata nyuma.

Mtandao si jambo geni. Birdsill Holly alianza kuwauzia mvuke watu wa Lockport, jimboni New York, mwaka 1877. Baada ya mvuke yakaja maji yenye shinikizo yanayozidi nyuzi 100 za Selsiasi, kisha maji yaliyo chini ya hapo, na leo mitandao mipya husanifiwa kwa nyuzi 50 hadi 60. Kila nyuzi ziliposhuka, joto lililopotea ardhini lilipungua na milango ya vyanzo vipya ikafunguka. Maji ya nyuzi 30 yatokayo kwenye kituo cha data hayana kazi kwa mtandao wa mvuke. Kwa mtandao wa nyuzi 55, pampu kubwa moja huyapandisha kwa umeme kidogo. Denmark, iliyotikiswa na msukosuko wa mafuta wa 1973, ilipitisha sheria ya ugavi wa joto mwaka 1979. Leo takriban theluthi mbili ya kaya zake zimeunganishwa, na Copenhagen karibu yote.

Pampu ya joto nayo haizalishi joto, hulihamisha, kama friji inavyolitoa ndani na kulimwaga nyuma yake. Kwa kilowati-saa moja ya umeme hutoa takriban tatu za joto. Uwiano huo hutegemea pengo kati ya baridi ya nje na joto la maji unayoyataka: pengo likipanuka, pampu hufanya kazi zaidi kwa faida ndogo.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Nyumba ya zamani ya mita za mraba 70, isiyo na vihami vya kuzuia joto lisitoke, inaweza kuhitaji zaidi ya kilowati-saa 10,000 za joto kwa mwaka. Nyumba ya ukubwa huo huo iliyojengwa kwa Passivhaus, kiwango cha nyumba zisizopoteza joto kirahisi, yaani kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, huhitaji 1,050 tu kwa vyumba vyake. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo ya familia yanaweza kufika 2,000. Kwa hiyo katika nyumba mpya bafu hula joto kuliko sebule! Na bafu halina msimu. Bomba la barabarani litabaki na moto hata kiangazi, likipoteza joto usiku na mchana, kwa sababu hasara hufuata urefu wa bomba na nyuzi za maji yake. Kama mteja ametumia au hakutumia, hasara ni ile ile. Nyumba za chini zilizotawanyika zikiunganishwa, sehemu kubwa ya joto inaishia kwenye udongo na bili inagawanywa kwa wateja wachache. Mahali kama hapo nachagua pampu bila kusita.

Ghorofa zilizobanana ni habari nyingine. Mita chache za bomba huhudumia kaya nyingi, na kama mtandao upo tayari mtaa wa pili au kuna joto la kiwandani linalotupwa, kukataa kuunganishwa ni kupoteza mali. Tena kuna usiku wa baridi kali, ambao wachuuzi wa pampu hawapendi kuuzungumzia. Usiku huo pampu zote huvuta umeme kwa pamoja, tena wakati uwiano wao uko chini kabisa. Mtandao unaweza kuweka akiba. Mjini Vojens, Denmark, kuna bwawa lililofunikwa, la takriban mita za ujazo 200,000, linalohifadhi joto la jua la kiangazi hadi majira ya baridi. Nyumba moja haiwezi kufanya hivyo.

Kwa wasanifu nina ombi moja. Wekeni redieta pana, yaani vipasha chumba vya ukutani, au mabomba ya sakafuni yatakayotosheka na maji ya nyuzi 40 au 45. Jengo la namna hiyo hufaa kwa pampu na kwa mtandao pia, na likibadilisha njia miaka ishirini baadaye halitabomolewa sakafu. Maji ya kuogea na kuoshea yapasheni papo hapo kwa kibadilisha joto, kifaa kinachopitisha joto bila kuchanganya maji, kila nyumba: tangi kubwa lazima liwekwe nyuzi 60 kuzuia legionela, bakteria waletao homa ya mapafu, na sharti hilo hupandisha joto la mfumo mzima.

Linabaki suala la bei, nami nalipa uzito sawa na uhandisi. Mwenye pampu anaweza kuhama msambazaji wa umeme. Aliyeunganishwa na mtandao ana muuzaji mmoja tu. Denmark sheria imewafunga wauzaji kwa muda mrefu watoze gharama halisi bila faida. Uingereza wateja wa mitandao walikaa miaka mingi bila msimamizi, hadi Sheria ya Nishati ya 2023 ilipofungua njia kwa Ofgem, mdhibiti wa gesi na umeme, kuisimamia. Kabla mtaro haujachimbwa, mnunuzi wa nyumba aonyeshwe kwa maandishi nani hupanga bei, kwa kanuni gani, na atamlalamikia nani redieta zikipoa katikati ya baridi.