Gharama Imehama: Kamera ya Mkanda na Kamera ya Dijitali Mikononi mwa Mpiga Picha

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu wa fani, wapiga picha wenzangu na wanafunzi mliokuja na kamera zenu mabegani, assalamu alaykum na habari za jioni.

Kabla sijaingia katika maneno yangu naomba kitu hiki kipite mkono kwa mkono kuanzia safu ya mbele. Ni kipande cha negativu, yaani filamu iliyokwisha safishwa, ya nyeusi na nyeupe chenye fremu sita, kila fremu ina milimita 24 kwa 36, nilichokipiga mwaka 1986 gatini Malindi, hapa hapa Unguja, siku jahazi moja lilipokuwa linashusha boriti. Kishikeni kwa pembeni, kinyanyueni kuelekea taa, nanyi mtaona kanzu ya nahodha imekuwa nyeusi ti na uso wake umekuwa mweupe.

Nimeombwa nizungumzie swali la kubaki na kamera ya mkanda wa filamu au kuhamia dijitali. Najua wapo humu wanaoona kwamba swali hilo limekwisha zamani, na kwa upande wa biashara hawakosei. Lakini swali limerudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu vijana wananijia wakiniuliza habari za kamera walizozikuta katika makabati ya babu zao, na wakati huo huo wapo wenzangu wawili watatu wa rika langu ambao mpaka leo hawajaiamini kamera isiyo na mkanda ndani. Pande zote mbili zinalinganisha bei ya kamera na uzuri wa picha. Mimi naona kinachopaswa kupimwa ni mahali gharama inapoangukia. Mkanda unakutoza kabla picha haijapatikana, ilhali dijitali inakutoza baada ya picha kupatikana, na inaendelea kukutoza miaka yote utakayotaka picha hiyo iendelee kuwepo.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa kutumwa katika studio moja ya Mji Mkongwe, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa barafu. Filamu nyingi za nyeusi na nyeupe husafishwa dawa ikiwa na nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya hapa kwetu, hata asubuhi na mapema, hayashuki hivyo. Kwa hiyo nilikwenda kununua barafu za mifuko kwa mama mmoja wa jirani, nikazipanga ndani ya beseni kuizunguka chupa ya developa, dawa inayoitoa picha kwenye filamu, kisha nikakaa na kipimajoto nikisubiri uzi mmoja mmoja ushuke. Dawa ikiwa ya moto kupita kiasi, picha inaiva haraka kuliko unavyoweza kuidhibiti, na ule utando wa jelatini unaobeba chembe za fedha unalainika hata ukucha unaweza kuukwaruza. Baada ya developa hufuata fiksa, yaani dawa ya kukaza picha isiendelee kubadilika mwangani, kisha maji mengi ya kusuuzia, kisha kuanika mahali pasipo vumbi, jambo ambalo katika nyumba yenye kuta za mawe na chokaa ni mtihani wa peke yake. Ndiyo maana fundi wangu hakuwa akibofya kitufe ovyo. Kila fremu ilikuwa na barafu yake, dawa yake na karatasi yake, na yote hayo alikuwa ameyalipia kabla mteja hajakaa kwenye kiti.

Mkanda nao ulikuwa na adhabu zake. Katika harusi moja ya miaka ya tisini, niliyopewa niipige peke yangu, nilipiga fremu 36, ambazo ndizo mwisho wa mkanda, huku nikijisifu moyoni, nikapiga ya 37, ya 38, ya 39, na mkanda haukukataa. Hapo mwili ukanifa ganzi. Nilipoingia chumba cha giza na kufungua kamera nikakuta ncha ya mkanda haikushika kwenye gurudumu tangu mwanzo, na kwamba nilikuwa nimefunga na kufungua pazia la kamera mbele ya kipande kile kile kwa saa tatu nzima. Tungekuwa tunazungumza barazani ningewaambia pia jinsi baba wa bibi harusi alivyoipokea habari hiyo, ila kikao hiki ni cha heshima.

Sasa tuitazame dijitali ilikotoka, kwani historia yake inaeleza tabia yake. Mwaka 1975 mhandisi kijana wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia mkanda, iliyotoa picha ya pikseli, yaani vidoa vinavyounda picha, 100 kwa 100 na kuchukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Kampuni hiyo ilikuwa inaishi kwa kuuza filamu, karatasi na dawa, yaani kwa kumtoza mpiga picha kila alipobofya, hivyo si ajabu kwamba haikuwa na pupa ya kuuza kifaa kilichofuta malipo hayo. Wa kwanza kuhama walikuwa wapiga picha wa magazeti. Kumbukeni mazingira aliyofanyia kazi Mohamed Amin, mpiga picha wa habari Mkenya aliyeanzisha shirika la picha la Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963: ukishapiga, mkanda ulikuwa bado unadai safari ya ndege na maabara kabla mhariri wa ng'ambo hajaona chochote. Nikon ilipotoa kamera ya dijitali ya D1 mwaka 1999, yenye pikseli milioni 2.7 tu, mhariri hakuuliza kuhusu ulaini wa picha. Aliuliza itafika saa ngapi. Mwaka 2003 Canon ikatoa EOS 300D ambayo Marekani iliuzwa chini ya dola 1,000, na hapo dijitali ikaanza kuingia mifukoni mwa watu wa kawaida wa fani yetu. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Januari 2012.

Suala la wingi wa pikseli nalipita haraka, kwa sababu limeshawapotezea watu muda mwingi. Kamera yoyote ya dijitali ya miaka kumi iliyopita inatosha kutoa picha ya ukutani ambayo mteja hataweza kuikosoa, na anayesema vingine mara nyingi ana kamera mpya anayotaka kuiuza.

Tofauti ninayotaka muishike kwa mikono yenu ni ya mwanga. Mpige bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, mchana wa jua kali, akiwa amesimama na mama yake aliyevaa buibui jeusi. Filamu ya negativu inavumilia mwanga ukizidi: ukiizidisha stopu mbili, hata tatu, kila stopu ikiwa ni mwanga kuongezeka maradufu, nakshi za kanzu bado utazikuta ndani ya negativu ukiwa na subira ya kuzitafuta. Inachokataa ni kunyimwa mwanga, kwani mahali ambapo chembe hazikuguswa na nuru hakuna dawa itakayozaa kitu. Kihisi cha dijitali, kinachopokea mwanga badala ya filamu, kina tabia ya kinyume chake. Kivuli unaweza kukivuta baadaye kwenye kompyuta ukaliona buibui pamoja na mikunjo yake, ila kanzu ikishaungua imeungua, imebaki doa jeupe lisilo na uzi wala kitufe. Kwa hiyo mzee wa mkanda anayehamia dijitali na mazoea yake ya kuongeza mwanga kidogo kwa ajili ya usalama ataunguza harusi nzima, na kijana wa dijitali anayeokota kamera ya babu yake akapima mwanga kwa kuilinda kanzu atapata negativu nyembamba kama maji. Nimeyaona yote mawili, na katika kila tukio mhusika alilaumu kamera.

Kuhusu rangi, sitaki tuupambe mkanda kwa sifa usizostahili. Kwa miaka mingi maabara za rangi zilipima usahihi wa mashine zao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, ambazo zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Sisi tuliokuwa tukipeleka mikanda ya harusi za hapa tulizoea kurudishiwa nyuso zilizofifia kwenye weusi usio na umbo, tukadhani kosa ni letu, tukaongeza flashi. Dijitali ilipokuja ilimrudishia mpiga picha mamlaka ya kuamua mwenyewe ngozi ya bibi yake ina rangi gani. Hilo peke yake, kwangu mimi, lilitosha kunifanya nihame.

Nilihama mwaka 2005, na kwa miaka michache nilijiona nimeachiwa huru. Mikanda mitano kwa harusi, yaani picha 180, ikawa picha 2,400, na kubofya hakukuwa na bei. Bei ilikuja usiku. Picha 2,400 lazima mtu azitazame moja moja ili achague 300, na usiku wangu ulioliwa na skrini sikuwahi kumwandikia mteja katika risiti. Halafu zihifadhiwe. Faili ghafi moja, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kutengenezwa, ikiwa na megabaiti 25, harusi moja ni gigabaiti 60, na mwenye harusi 30 kwa mwaka anahitaji gigabaiti 1,800 kwa nakala moja tu. Nasema nakala moja, ilhali nakala moja ni sawa na kutokuwa na nakala. Mimi nilikuwa nayo moja, ndani ya diski ya nje iliyokaa pembeni mwa meza, na siku moja waya wake ukanasa kwenye mguu wa mjukuu wangu. Mtoto hakuumia, alhamdulillahi. Diski ililia kama chuma kinachokwaruzwa, kisha ikanyamaza na miaka miwili ya kazi yangu. Mkanda ulinipotezea harusi moja. Diski ilinipotezea harusi za watu ambao baadhi yao tayari walikuwa wameshapata watoto wa kwenda skuli.

Hapa ndipo ninapotaka tutazame kazi ya studio za zamani. Wenyeji wa mji huu wanaijua Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, ambayo picha zake za Unguja ya zamani bado watu wanakwenda kuzitazama. Biashara ya studio za namna hiyo ilikuwa na utaratibu ambao hatukuuthamini: mteja aliondoka na picha ya karatasi, na negativu ikabaki kabatini. Hakuna aliyekusudia kujenga makavazi. Ni kwamba mteja angeweza kurudi kutaka nakala, na kisanduku hakikudai umeme wala malipo ya kila mwezi. Leo mteja wangu anapokea picha kwenye simu, simu inaanguka chooni au inabadilishwa, na mimi nimeshafuta faili ili nipate nafasi ya harusi ya wiki inayofuata. Kati yetu wawili hakuna anayebaki na kitu.

Lakini kisanduku nacho kisitufanye tulale. Pwani hii ni adui wa negativu. Mwaka juzi nilifungua kabati la marehemu fundi wangu, na kabla macho hayajaona lolote pua ilipata harufu ya siki, kali kama ya achari. Ile plastiki ya asetati inayobeba filamu ikianza kuoza kwa joto na unyevu hutoa asidi, na harufu hiyo maana yake ni kwamba kuoza kumekwisha anza na negativu za jirani zitafuata. Baadhi zilikuwa zimejikunja kama majani makavu, na nyingine zilikuwa na kuvu iliyotambaa juu ya nyuso za watu. Tulizoziwahi tulizitenga, tukazipiga upya moja moja kwa kamera ya dijitali juu ya kioo chenye taa. Kwa hiyo kamera niliyokuwa nikiidharau kwa kutokuhifadhi ndiyo iliyookoa kilichobaki.

Mtaniuliza basi nifanyeje. Anayekula kwa kamera, mwenye mteja anayesubiri picha kesho, atumie dijitali bila kujitesa, ila gharama ya diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti aiingize katika bei ya harusi kama tulivyokuwa tukiingiza bei ya mkanda, na mteja aondoke na picha chache za karatasi hata kama hakuziomba. Mkanda wa rangi sishauri. Anayetaka kuununua aulize kwanza utasafishiwa wapi, kwa maana dawa zake zinataka nyuzi joto 38 zisizopanda wala kushuka, na mashine nyingi zilizofanya kazi hiyo mitaani kwetu zilishageuzwa vyuma chakavu. Wapo waliokuwa na kamera nzima, nzuri, na mikanda ya Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ndani ya friji, lakini kiwanda kiliacha kuitengeneza filamu hiyo mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa inaisafisha, katika mji wa Parsons huko Kansas, ikaacha kuipokea mwishoni mwa Desemba 2010. Kuanzia siku hiyo mikanda iliyobaki haikuwa na mahali pa kuzaa rangi zake.

Nyeusi na nyeupe ni habari nyingine. Developa ya D-76 ina metoli, haidrokwinoni, sulfaiti ya sodiamu na boraksi, mapishi yake yanajulikana, na mtu mwenye mizani ndogo anaweza kuichanganya jikoni kwake, mradi sufuria hiyo isirudi kupikia chakula na fiksa iliyotumika isimwagwe mtaroni, kwa kuwa imebeba fedha iliyotoka kwenye filamu. Wanafunzi wangu mimi huwapa mkanda mmoja wa fremu 36 kwa mwezi mzima, na kwa mwezi huo kamera zao za dijitali hukaa kabatini kwangu. Wiki ya kwanza hulalamika. Wiki ya tatu huwaona wamesimama gatini dakika kumi bila kubofya, wakimsubiri mchukuzi afike mahali ambapo kivuli cha tanga kinakatika.

Nitapokea maswali, ila kwanza naomba kile kipande cha negativu kirudi mbele. Aliyekishika katikati nitamjua, kwa kuwa alama ya kidole chake itakuwa juu ya uso wa nahodha.