Kirusi cha Malengelenge Hutokaje Ndani ya Seli?

Mabibi na mabwana, karibuni. Hapa Mombasa mkanda wa jeshi, tetekuwanga na malengelenge ya mdomoni si mageni. Yote huletwa na virusi vya jamaa moja, herpesi. Tuangalie kimoja, cha malengelenge ya mdomoni: kikishazaliana ndani ya seli, hutokaje?

Ugumu unaanzia kwenye kiini. Humo DNA yake hunakiliwa na kufungwa ndani ya gamba la protini lenye upana wa nanomita 125 hivi, na vitundu vya kiini hupitisha vitu vya nanomita 40 tu au karibu na hapo. Ni kabati lililoundiwa chumbani, kisha mlango ukawa mwembamba.

Kwanza vimeng'enya hulegeza lamina, wavu wa protini unaoshikilia kiini kwa ndani. Protini mbili, UL31 na UL34, hujipanga kwenye utando wa ndani na kuukunja mpaka ukalizunguka gamba. Hiyo ndiyo kanzu ya kwanza, nayo haifiki mbali: huungana na utando wa nje wa kiini, gamba likaingia kwenye saitoplazimu, ute wa seli ulio nje ya kiini, bila vazi. Moja ya protini hizo ikikosekana, magamba mengi hukwama kiinini.

Nje ya kiini, gamba hupakwa tabaka la protini, kisha huvishwa kanzu ya pili kwenye vifuko vya Golgi, sehemu ya seli inayopakia na kusafirisha protini. Hii ndiyo yenye glikoprotini, yaani protini zilizobeba sukari, za kushikia seli ijayo. Kifuko hufika ukingoni, kikaungana na utando wa seli, kirusi kikatoka.

Hatari kubwa iko hapa. Glikoprotini gE na gI huvielekeza vifuko kwenye maungio ya seli, kirusi kikapenya kwa jirani moja kwa moja, na kingamwili zilizo damuni haziwahi kukifikia vizuri. Ndiyo maana mwenye kingamwili bado hutokwa na malengelenge. Kirusi kingine hupanda na neva hadi kwenye fundo lake, kituo cha seli za neva, kikalala, na siku kikiamka hushuka ngozini, mara nyingine bila kidonda chochote.

Asiklova, dawa ya virusi vya herpesi, huzuia kunakiliwa kwa DNA yao. Mlango wa kutokea haiugusi, wala virusi vilivyolala. Basi saa zina thamani. Mkanda wa jeshi, wa jamaa hiyohiyo, kwa mtu mzima hutibiwa kwa asiklova miligramu 800 mara 5 kwa siku, siku 7, ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Maji yanywewe kwa wingi, kwani dawa ikikolea huganda fuwele kwenye mirija ya figo. Mwenye figo dhaifu amwambie daktari mapema, apunguziwe dozi.