Matuta Yasiyo na Mkulima

Karibuni, ba mama na ba papa, nanyi wanafunzi mliosimama mlangoni. Ingieni, viti viko huku mbele.

Hapa Bukavu nani asiyejua matuta ya viazi? Ukitoka kuelekea Kabare au Walungu unayaona yamekingama mlimani, mvua isikokote udongo hadi bondeni. Sasa tazameni picha hii, imepigwa kutoka angani, kaskazini mwa Ufini. Matuta tena, na kati yake vidimbwi vyembamba vya maji meusi, vyote vimekingama mteremko. Wala hapo hakuna aliyeshika jembe.

Udongo huo ni mboji ya kinamasi: mimea iliyokufa majini, ikakosa hewa, ikashindwa kuoza yote. Huongezeka kama milimita 1 kwa mwaka. Upana wa kidole gumba changu hiki ni kazi ya miaka 20 hivi.

Palipoinuka kidogo, mimea hustawi, mboji ikajilundika, pakainuka zaidi. Palipozama, kinachoota ni kidogo na uozo unakila karibu chote. Mwenye nacho huongezewa.

Lakini hayo peke yake yangetupa mabaka tu, kama ngozi ya chui. Mistari imetoka wapi? Mboji ya tuta imeshikamana, maji hupenya humo polepole. Yanayoshuka hukwama upande wa juu, kidimbwi kikazaliwa. Penye pengo ubavuni, kati ya kipande cha tuta na kipande kingine cha safu ileile, maji hukimbia, yakapaacha pakavu. Mimea ya tuta ikapavamia. Hapa ndipo panaponifurahisha: pengo huzibika kwa sababu lilipitisha maji vizuri mno!

Mwaka 1988 watafiti Swanson na Grigal walijaribu jambo hili kwa kompyuta, kwenye uwanja wa miraba kama ubao wa kuchezea dama, kila mraba ama tuta ama shimo. Mistari ikajitokeza yenyewe.

Papa mmoja ameniuliza pale nje kama si kazi ya barafu. Wapo waliodhani hivyo, papa. Ila vidimbwi hivi vipo hata kaskazini mwa Uskoti, ambako ardhi haibaki imeganda mwaka mzima.

Mboji yetu wenyewe ya bonde la Kongo, iliyochorwa ramani mwaka 2017 na kukadiriwa wakati huo kuwa kilomita za mraba 145,500 kwa Kongo zote mbili, iko chini ya msitu, mahali karibu tambarare, pasipo mteremko wa kupanga mistari kama hii.

Leteni picha ya pili. Hapa vidimbwi ni vya mviringo, havina safu. Haya, niambieni: mteremko uko upande gani?

Mmenyamaza. Vizuri, maana haupo.